Chungu Huanzia Mdomoni

Mwaka jana nililipia darasa la ufinyanzi hapa Nairobi, Jumamosi nne, aproni ikiwa juu yao. Siku ya kwanza tuliwekwa kwenye gurudumu. Bandika donge katikati, lilowanishe, bonyeza, kisha inua ukuta kutoka chini. Donge langu liliruka likampata jirani. Mwisho wa mwezi nilikuwa na kibakuli kimoja kilichopinda, na nikakibeba hadi Mbeere, ng'ambo ya Siakago, nimpe cucu zawadi.

Alikigeuza, akachungulia chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ulianzia kitakoni?"

Kwani mtu huanzia wapi?

"Mdomoni," akasema, kama anayemweleza mtoto kwamba jua hutoka mashariki.

Nilidhani ni utani. Desemba akanionyesha. Udongo mkavu unatwangwa, mawe na mizizi inatolewa, unachanganywa na mchanga ili usipasuke motoni, kisha unakandwa kama unga wa chapati, ila kwa muda mrefu zaidi. Donge linatobolewa liwe pete nene na kuketishwa juu ya majani mabichi. Hapo mikono inavuta udongo kwenda juu, mmoja ndani, mwingine nje, na kipande cha kibuyu kinalainisha. Anatengeneza mabega, shingo, mdomo. Chini kuko wazi kabisa, unaweza kupitisha mkono. Halafu anaondoka, anaenda kupika. Udongo unatakiwa ukauke kiasi cha kubeba uzito wake, lakini usikauke hadi ukatae kuungana na mwingine. Akirudi anakipindua chungu kisimame kwa mdomo, na ile kingo ya chini, ambayo sasa iko juu, anaivuta kidogo kidogo mpaka tundu linabaki la kidole, kisha linazibwa. Kitako ndicho cha mwisho. Wakikuyu na Wakamba nao wanaijua njia hii.

Na cucu hasemi "kufinyanga". Kitenzi chake ni kuumba. Sisi wa Kiswahili tumekiachia Mungu kitenzi hicho: Muumba, kiumbe, maumbile. Kwake bado kina matope. Mumbi, mama wa Wakikuyu katika simulizi lao la asili, jina lake linatokana na kazi hiyo hiyo. Mwanaisimu wa Ubelgiji, Koen Bostoen, aliandika kitabu kizima mwaka 2005 juu ya maneno ya ufinyanzi katika lugha za Kibantu, na kitenzi hiki ni kati ya yale ya zamani kabisa. Maana yake watu waliomba neno la kuumba vyungu karne nyingi kabla ya Kiswahili kuwa Kiswahili? La, hawakuomba. Walilibeba wenyewe. Vivyo hivyo nyungu: kwa cucu ni chungu cha kupikia, na Mtanzania aliyejifunika blanketi "kupiga nyungu" mwaka 2020 alikuwa analitamka neno la cucu bila kujua.

Mwalimu wetu wa Nairobi alisema kuunda kwa mikono ni hatua ya watoto, mtu "anapanda" kwenda gurudumu. Sikumjibu, sikuwa na la kumjibu. Sasa ninalo. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kusomea sanaa Uingereza, alikwenda Abuja, Nigeria, katikati ya miaka ya sabini kujifunza kwa wanawake wanaofinyanga kwa mikono. Mitungi yake iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Hatumii gurudumu.

Chungu cha kwanza nilikiharibu mimi. Cucu alisema kikae kivulini mpaka aseme yeye. Nilikuwa narudi kazini Jumatatu, nikamsihi, akanyamaza, na kunyamaza kwa cucu si ruhusa. Tukakichoma uani, bila tanuri: kuni chini, vyungu juu, nyasi kavu zikifunika. Maji yaliyojificha ndani ya ukuta wa udongo yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke, na mvuke unatafuta njia. Tulisikia mlio mmoja tu, kama tawi likivunjika. Asubuhi aligonga vyungu vyake viwili kwa kucha vikalia kama kengele. Changu kilikuwa vigae.

Ningesema "tutatengeneza kingine", lakini udongo wenyewe ndio shida. Zamani wanawake walichimba bondeni bila kuuliza mtu. Ugawaji wa ardhi ulipokuja Mbeere (David Brokensha na Jack Glazier walikuwa tayari wanauandikia makala mwaka 1973) kila kipande kilipata mwenyewe na namba yake, na bonde la udongo likaangukia boma moja. Kwa miaka mingi mwenye shamba alifumba macho. Sasa kuna ua wa waya. Watu husema sufuria ndiyo iliyoua vyungu, na ni kweli kwa sehemu: haivunjiki, inachemka haraka, na mama yangu alipelekwa shule, hakupelekwa bondeni. Hakuna binti wa cucu hata mmoja anayeumba. Lakini sufuria haikufunga lango.

Mwezi uliopita tulienda kuomba, cucu akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. Kijana wa boma lile alituruhusu ndoo mbili, akaongeza kwa heshima, "Cucu, hii iwe ya mwisho, tunataka kujenga." Ndoo moja imeshatumika kwenye vyungu vya majirani waliokuwa wameagiza. Ya pili imetoa chungu kimoja. Nimekiumba mimi, yeye ameketi akinikosoa. Kiko chini ya gunia bichi, mdomo na mabega tu, na cucu hulirushia gunia maji kila jioni lisikauke. Nimeomba ofu ya Ijumaa nikakipindue.