Chapeo ya Bunju

Baidi na pwani yetu, katikati ya Bahari ya Pasifiki, vimo visiwa vya Gilbert, ambavyo tangu 1979 ni sehemu ya dola huru ya Kiribati: nchi ya matumbawe na mchanga, isiyo na chuma wala shaba, isiyo na mnyama mkubwa wa kuchunwa ngozi, na ambayo karibu yote haikuinuka ila mita chache juu ya maji. Watu wake walipopigana, na walipigana mara nyingi kwa ajili ya ardhi, maana hapakuwa na kitu adimu kuliko ardhi, walijifanyia silaha na deraya kwa walivyojaliwa na mnazi na bahari. Na juu ya kichwa cha askari aliyejihami kamili ilikaa chapeo ya ngozi ya bunju.

Bunju wa miiba, ambaye wavuvi wetu nao wanamjua na aghalabu humtupa kwa kuhofia sumu ya jamii yake, ni samaki mzito wa kuogelea, asiye na mbio za kumwokoa. Akibughudhiwa humeza maji, au upepo akiwa ametolewa nje, mpaka awe tufe, na miiba iliyokuwa imelala juu ya ngozi yake husimama pande zote. Huko Gilbert alifukiwa mchangani angali amevimba, akaachwa siku kadhaa hata ngozi ikakakamaa katika umbo lile la ghadhabu. Kisha ikafunguliwa chini, ikatiwa bitana ya kamba au ya majani ya mkadi ili mashina ya miiba yasimdhuru mvaaji.

Kazi iliyokuwa ndefu zaidi ni ya deraya yenyewe. Makumbi yalilowekwa majini muda mrefu, kama wanawake wa Unguja na Pemba wanavyoyafukia ufukoni, yakasokotwa nyuzi, na nyuzi zikafumwa vazi zito la kifua, mikono na miguu, pengine likipambwa kwa nywele za binadamu. Nyuma lilipanda ubao mpana wa kamba hizo hizo hata ukapita kichwa, kwa kuwa jamaa waliosimama nyuma ya mpiganaji walimrushia adui mawe, na si kila jiwe lilikwenda lilikokusudiwa.

Silaha ya adui ilikuwa mti wa mnazi uliofungwa meno ya papa kingoni, nayo ilichana nyama vibaya. Hata hivyo ada ya visiwa vile haikupenda kifo, kwani aliyeua alilipa diya, na diya ililipwa kwa ardhi. Hivyo mtu angeweza kushinda vitani na kurudi kwake maskini. Kwa rai yangu, hapo ndipo ilipo hekima ya chapeo ya miiba: lau ingemtisha adui akarudi nyuma, pande zote mbili zingesalimika na viwanja vyao.

Wageni hawakufungwa na ada hiyo. Mwaka 1841 manowari ya Marekani ya msafara wa Charles Wilkes ilifika Tabiteuea. Baharia mmoja alipotoweka, askari wakawapiga watu risasi na kuuchoma mji wa Utiroa, na deraya iliyozuia meno ya papa haikuzuia bunduki. Mwaka 1892 Kapteni Davis wa manowari Royalist akatangaza himaya ya Uingereza, vita vikakoma, na chapeo, ambazo mabaharia walikuwa wamekwisha kuzinunua kwa shauku, zikatulia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, aghalabu zikitazamwa kama vioja vya washenzi badala ya kazi za mafundi.

Ufumaji wa deraya ukafifia. Wasanii wachache wenye asili ya Kiribati waishio New Zealand walipotaka kushona deraya mpya, miaka ya karibuni, iliwapasa kuzichunguza zile za makumbusho, fundo kwa fundo.