Upinde wa Mvua Uliodanganya Ramani

Julai 2015, nchini Kongo, Lualaba ilizaliwa jimbo, Kolwezi ikawa makao makuu yake. Mwezi huohuo, mjini Austin, Marekani, Nathaniel Smith na Stéfan van der Walt waliuonyesha mkutano wa SciPy paleti mpya ya rangi za takwimu, viridis. Kwa Kilatini, maana yake ni kijani. Kwetu kijani ni malakaiti, jiwe linalomwambia mchimbaji kwamba hapa pana shaba. Jimbo na paleti ni marika, ingawa sherehe ilikuwa ya mmoja tu.

Rangi za ramani zilikuwa na kanuni tangu zamani. Wanajiolojia walizijadili Bologna mwaka 1881, miaka 11 kabla ya mwenzao Jules Cornet kuchunguza miamba ya Katanga. Ilipokuja kompyuta, uchaguzi ukaachiwa programu.

Programu ikachagua jet, yaani upinde wa mvua: buluu, kijani, njano, nyekundu. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Mwaka 2007 David Borland na Russell Taylor waliandika wazi kwamba upinde huu una madhara. Chukua ramani ya kobalti: kiwango kinapanda polepole, lakini njano inang'aa ghafla katikati, na jicho linaona mpaka ambao udongo hauna. Asiyetofautisha nyekundu na kijani ndiye anayepotea kabisa. Niliwahi kuchapa ramani ya namna hiyo kwa mashine ya wino mweusi; penye madini mengi na pasipo na kitu pakatoka kijivu kilekile. Ramani nzima ikawa karatasi ya kufungia karanga.

Viridis huanza zambarau iliyokolea, #440154, ikaishia njano, #FDE725, na mwanga wake hupanda kwa hatua sawa machoni. Ukiichapa kijivu, mpangilio unabaki. Programu ya MATLAB iliacha kuichagua jet yenyewe mwaka 2014, ile ya matplotlib Januari 2017.

Mji kama Kolwezi, unaoishi kwa kusoma mawe kwa rangi, kijani shaba, nyeusi kobalti, haufai kusomewa utajiri wake kwa rangi za uongo. Ramani za upinde bado zinabandikwa ukutani, na kisingizio cha gharama hakipo. Mwenye programu ya R toleo la 3.6 au jipya zaidi hahitaji kupakua chochote, aandike hcl.colors(5, "viridis"), atapewa rangi tano zinazofanana sana na zile za Austin.