Wingu Halisubiri Rada

Jana nilibishana na jamaa yangu mmoja anayeamini kwamba picha haidanganyi. Nikamwahidi habari ya rada. Haya, ahadi ni deni.

Tarehe 9 Aprili 1953, rada moja huko Illinois, Marekani, ilinasa dhoruba yenye umbo la ndoana. Hapo penye ndoana ndipo palipokuwa na tonado, kile kimbunga chembamba kinachong'oa mapaa. Tangu hapo wataalamu wakawa wanasoma maumbo ya dhoruba kama daktari asomavyo eksirei.

Tatizo ni kwamba rada haipigi picha kwa mkupuo mmoja. Sahani yake huzunguka ikiwa imeelekezwa chini, inainuliwa kidogo, inazunguka tena, hivyo hivyo mpaka juu. Rada za NEXRAD, zilizosimikwa Marekani miaka ya 1990, zilitumia dakika 5 au 6 kumaliza ngazi zote wakati wa dhoruba. Sasa piga hesabu: dhoruba inayokwenda kilomita 60 kwa saa, ndani ya dakika 5 imesogea kilomita 5! Ukivipanga vipande hivyo, kichwa cha wingu kinaonekana kimeiacha miguu. Na kichwa kilichochomoza nje ya miguu ni mojawapo ya dalili za hatari anazozitazama mtabiri. Akikosea, ama anawatisha watu bure na kesho hawamsikilizi, ama ananyamaza wakati watu wamelala.

Dawa? Unapima mwendo wa dhoruba, kisha unakirudisha kila kipande kwa umbali uliosogea, vyote visimame kwenye dakika moja. Mwaka 1982 Tzvi Gal-Chen alichapisha hesabu ya kuupata mwendo huo: tafuta kasi ambayo, ukisafiri nayo sambamba na dhoruba, sura yake inabadilika kidogo kabisa.

Lakini dawa hiyo inatibu kusogea tu, haitibu kukua. Wingu linaweza kuvimba ndani ya dakika hizo hizo. Ndiyo maana huko Norman, Oklahoma, walijaribu mpaka 2016 antena iliyotoka jeshi la majini, inayoelekeza mawimbi kwa umeme. Iliweza kuipitia dhoruba kwa chini ya dakika moja.

Nami nimejifunza. Shahidi mmoja aliona ajali saa nane kamili, mwingine alifika dakika tano baadaye. Nikiwaweka kwenye aya moja bila kutaja saa, nimetunga ajali ambayo haikutokea, ingawa wote wawili wamesema kweli.

Au mnasemaje?