Mwana Pwo: Maisha ya mchezaji, toka mukanda mpaka kaburi

Kuna mchezo mmoja wa kiuno ambao karibu kila mtu wa Kolwezi amekwisha kuuona, hata kama hajui jina lake. Ngoma inapiga, tshinguvu inajibu, na mbele ya watu anatokea mwanamke mwenye uso wa mti, nywele za kamba zilizosukwa vizuri, mwili wote umefunikwa na nguo ya nyuzi. Anapiga hatua ndogo ndogo, miguu karibu haiachi udongo, lakini kiuno kinakwenda na kurudi kama maji mu chungu. Wamama wanapiga vigelegele. Hapo utasikia mtu anasema: « Ule ni mwanamuke kabisa! » Tena wote wanaosema hivyo wanajua kwamba ndani ya nguo hakuna mwanamke.

Huyo ndiye Mwana Pwo wa Watshokwe. Juu ya sura yake ya mti wameandika wataalamu wengi, na hiyo sura iko mu vyumba vya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Juu ya mchezaji wameandika kidogo zaidi. Katika kurasa hizi ninataka kufuata maisha yake: anaanza wapi, anajifunza kwa nani, anafundisha nani, na akifa nini inabaki. Ninaandika tu ile inayoonekana mbele ya watu wote na ile iliyokwisha kuchapwa mu vitabu. Siri ya mukanda ni ya wenyewe, na mtu mwenye heshima haiweki sokoni.

Tuanze na watu wenyewe. Watshokwe walitoka mu nyanda za juu za Angola. Katika karne ya 19 walikuwa wawindaji wa tembo, wachuuzi wa pembe, nta na mpira, na wafuaji chuma wenye sifa. Walipopata bunduki walienea upande wa kaskazini na mashariki, wakaingia ndani ya utawala wa Mwant Yav, mfalme wa Lunda. Karibu na mwaka 1887 waliiteka Musumba, mji wake mkuu. Mnamo 1898 ndugu wawili wa Kilunda, Mushidi na Kawele, walianza kuwasukuma nyuma. Lakini vita ikikwisha, watu wanabaki. Toka hapo Watshokwe na Walunda wanaishi pamoja upande wa Dilolo, Sandoa na Kapanga: wanaoana, na desturi zao zimeingiliana.

Namna gani walifika Kolwezi? Kwa miguu, kisha kwa gari la moshi. Njia ya reli ya Benguela ilifika kwenye mpaka wa Dilolo mwaka 1929, na mwaka 1931 iliungana na njia yetu ya Katanga. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 juu ya shaba ya Union Minière. Wafanyakazi walipanga mu makambi, kila mtu na lugha yake. Siku ya kazi kengele ya kampuni ilitawala. Siku ya mungu kila kabila lilitoa ngoma yake. Hivyo mchezo wa kijijini uliingia mu kambi, na watoto wa Waluba, wa Wasanga na wa Wandembu walikimbia kuwatazama makishi pamoja na watoto wa Watshokwe.

Jina lenyewe lina historia. Pwo maana yake ni mwanamke, mtu mzima aliyezaa. Sura za zamani zinaonyesha mama wa namna hiyo, mzee wa ukoo aliyekufa na anayerudi kubariki watoto wake. Mwana Pwo ni msichana, kijana mwenye uzuri. Marie-Louise Bastin, mtaalamu wa Ubelgiji aliyechapisha mwaka 1961 kitabu kikubwa juu ya mapambo ya Watshokwe, ameonyesha kwamba zamani walimheshimu mama, na baadaye, katika karne ya 20, sura ya msichana ilichukua nafasi. Kumbe hata desturi tunayoita ya milele imekwisha kubadilika mara moja, na wazee waliipokea.

Sasa tumtazame mchezaji. Mwanzo wake ni mukanda, shule ya porini ya vijana wa kiume. Mtoto anatengwa na mama yake, anatahiriwa, na anakaa kambini chini ya ulinzi wa tshilombola, kaka mkubwa anayemlisha, anayemtunza kidonda, na anayemrudi akikosa adabu. Huko anafundishwa kuvumilia, kuwinda, kuheshimu wakubwa, kusuka nyuzi, kuimba na kucheza. Siku ya kutoka, kijiji chote kinakuja kutazama kama vijana wamejua. Wote wanajifunza kucheza. Mmoja au wawili tu ndio wanaofuatwa na macho ya wazee, juu mwili wao unasikia ngoma kuliko wengine.

Kijana wa namna hiyo hapewi sura ya Pwo siku moja. Anafuata wakubwa, anabeba mizigo yao, anatazama. Tena anatazama sana wanawake: namna wanavyotembea na mtungi, namna wanavyopiga magoti kumpa mgeni maji, namna msichana anavyogeuza shingo akisikia kwamba kuna mtu anamwangalia. Hapa ndipo neno ambalo wengi hawalioni: kabla ya kuwa mwalimu wa wanawake, mchezaji huyu ni mwanafunzi wao. Kila kitu anachoonyesha mbele ya watu amekichota kwao.

Mchongaji naye anafanya vile vile. Anachagua mwanamke mmoja mwenye uzuri, anamtazama siku nyingi, kisha anachukua chale zake, nywele zake na meno yake na kuviweka mu mti. Juu ya paji la uso anakata tshingelyengelye, alama inayofanana na msalaba; Bastin alifikiri kwamba ilitoka kwa vipande vya bati vya umbo la msalaba ambavyo Wareno waligawia watu zamani. Chini ya macho anakata masoji, machozi.

Sura ikimalizika, mchezaji analipa kwa pete ya shaba ya manjano. Hiyo si bei ya kazi ya mikono, ni mali ya arusi. Toka siku hiyo anahesabiwa kama aliyemwoa Pwo. Sisi watu wa Kolwezi tutaelewa vizuri: shaba ya manjano ni shaba na zinki, madini mawili ambayo baba zetu waliyatoa chini ya udongo kwa maelfu ya tani, na ambayo bei yake inapangwa London. Mu mkono wa mchezaji wetu, pete moja ndogo inafunga ndoa ya maisha yote.

Kisha inaanza miaka ya kutembea. Mchezaji wa Pwo alikuwa mtu wa kazi hiyo. Alikwenda kijiji kwa kijiji, na watu walimlipa. Mbele yake au nyuma yake mara nyingine alitokea Tshihongo, sura ya kiume yenye ndevu pana, picha ya uwezo na mali, ambayo zamani ilichezwa na chifu mwenyewe au mtoto wake. Tshihongo analeta mali kijijini, Pwo analeta uzazi. Ndiyo maana kiuno kiko katikati ya mchezo. Mtu wa leo aliyezoea mikanda ya video anaona kiuno na anafikiri jambo moja tu. Mzee anaona kiuno na anafikiri watoto watakaozaliwa, mashamba yatakayozaa, ukoo usiokatika. Kwa Watshokwe mtoto ni wa jamaa ya mama. Bila mwanamke hakuna ukoo.

Na somo liko wapi? Liko katika kipimo. Mchezaji anaonyesha mwanamke mwenye adabu: hatua fupi, mgongo umenyooka, mikono haina haraka, nguvu yote imekaa kiunoni na imefungwa hapo. Wasichana wanatazama na kujipima. Wavulana wanatazama na wanajifunza namna ya kumheshimu mwanamke, juu mwanaume mkubwa mwenye sifa ameweka maisha yake yote kumwiga. Wahakimu ni wamama. Wakiridhika wanapiga vigelegele na kutoa zawadi. Akicheza ovyo, aibu ni yake.

Mbali na sisi, kwenye kisiwa cha Unguja, kulikuwa na mtu mwingine aliyefundisha kwa kiuno maisha yake yote. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alizaliwa karibu na mwaka 1910 katika kijiji cha Mfagimaringo. Aliimba taarabu, lakini kazi iliyompa heshima kwa wanawake wa kwao ilikuwa unyago: kuwafunda wasichana waliovunja ungo, kwa nyimbo, kwa ngoma ya msondo na kwa mchezo wa kiuno, kabla hawajaolewa. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza. Alikufa tarehe 17 Aprili 2013. Jukwaani walimwona watu wa mabara mengi. Ndani ya unyago waliingia wanawake tu. Kazi mbili, mlango mmoja wazi na mmoja umefungwa, na yeye alijua tofauti.

Tofauti hiyo ndiyo inatusumbua hapa kwetu. Pwo amepigwa toka pande nyingi. Wamisioni wengi waliita mukanda mambo ya shetani, na leo mu makanisa ya uamsho utasikia mahubiri yale yale. Wanunuzi wa vitu vya sanaa walipeleka sura mbali. Wareno wa kampuni ya almasi walifungua makumbusho ya Dundo mwaka 1936, ng'ambo tu ya mpaka. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilitukuza asili yetu kwa maneno, lakini mu animasio iligeuza michezo ya wazee kuwa sifa za mtu mmoja: wafanyakazi na wanafunzi walitingiza viuno mbele ya wakubwa wa MPR. Kisha vita vya 1977 na 1978 vilipita mu nchi ile ile ya Walunda na Watshokwe, na watu wengi sana walikimbilia Angola, walimu wa mukanda pamoja nao.

Upande wa Zambia, ambako Waluvale, Watshokwe, Waluchazi na Wambunda wana desturi moja, UNESCO iliitangaza ngoma ya makishi mwaka 2005 kuwa urithi wa watu wote, na mwaka 2008 iliandikwa mu orodha yake. Katika maelezo yake inasema mambo mawili ambayo sisi pia tunayajua. La kwanza: mukanda uliochukua miezi mingi mara nyingi umepunguzwa kuwa mwezi mmoja, ili ufuate kalenda ya shule. La pili: makishi wanaitwa mno kwenye sherehe na mikutano ya vyama vya siasa, na hiyo inaweza kuharibu maana yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya kalenda hiyo, na ninaona hesabu yake. Mwezi mmoja unatosha kwa kidonda kupona. Unatosha pia kwa kijana kujua nyimbo chache. Hautoshi kwa kuonekana yule mmoja ambaye mwili wake unasikia ngoma, wala kwa yeye kufuata mkubwa na kutazama. Na pesa nazo zinavuta upande mmoja. Mtu anayepokea mgeni wa heshima anamlipa mchezaji kwa dakika kumi za kuonyesha. Nani anamlipa kwa miaka mitano ya kufundisha? Kijana mwenye akili anafanya hesabu haraka: ni afadhali kununua sura iliyokwisha kuchongwa na kutingiza kiuno upesi upesi, au kwenda kuchimba na bakrezeri, ambako angalau gunia linapimwa siku ile ile.

Hapo hatari iko kubwa kuliko kwa kitu kingine cha urithi. Desturi inasema Pwo asibaki mjane mikononi mwa watu: mchezaji akifa, sura yake inazikwa. Mti unaoza, pete inarudi ndani ya udongo ilimotoka shaba. Wazee hawakuogopa kupoteza mti, juu mchongaji yuko na wanawake wazuri wako. Walichotegemea ni kwamba siku ya maziko mu kijiji kuna mwili mwingine uliokwisha kufundishwa. Kama haupo, tunazika viwili kwa mara moja.

Shirika letu la utamaduni haliwezi kurudisha mukanda wa miezi mingi, na si haki yetu kuuamuru. Lakini mambo matatu tunaweza. Tukimwalika mchezaji kwenye sherehe, tumuulize kwanza mwanafunzi wake ni nani, na tuwalipe wote wawili. Likizo kubwa ya shule, wakubwa wa mukanda na walimu wakae pamoja kabla ya tarehe kupangwa, wakubaliane. Na mu darasa tufundishe ile sehemu iliyo wazi: majina, safari ya Watshokwe, maana ya pete, maana ya kiuno, namna ya kutazama kwa heshima. Mtoto anayejua kutazama atakuwa hakimu kama wale wamama, na mbele ya hakimu anayejua, mchezaji wa ovyo hakai siku mbili.