Wasichana wa Gahanga

Zimbabwe walihitaji mikimbio 40 katika mipira 12 iliyobaki. Ilikuwa tarehe 17 Januari 2023, kwenye Kombe la Dunia la kriketi la wasichana chini ya miaka 19, mjini Potchefstroom, Afrika Kusini, na Henriette Ishimwe wa Rwanda ndiye aliyekabidhiwa mpira kurusha ova ya 19. Mpira wa kwanza, wiketi. Wa pili, wiketi. Wa tatu, wiketi. Wa nne, wiketi, na mchezo ukaishia hapo hapo. Zimbabwe wote nje kwa mikimbio 80, Rwanda wameshinda kwa tofauti ya mikimbio 39.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, ova moja ni mipira sita, na mrushaji akiangusha wiketi moja ndani yake, yaani akimtoa mpigaji mmoja, amefanya kazi nzuri. Tatu mfululizo ni habari ya kusimuliwa miaka mingi. Nne kwa mipira minne, wako wachezaji mashuhuri waliostaafu bila kuigusa. Aliyeifanya siku ile alikuwa msichana wa timu ya chini ya miaka 19, wa nchi ambayo haikuwa imewahi kufika Kombe la Dunia la kriketi la aina yoyote, la wanaume wala la wanawake.

Wengi waliuita ushindi ule muujiza. Neno hilo silikubali, kwa sababu linawanyang'anya wasichana wale jasho lao, na linafuta kazi ya watu walioanza kuwatengenezea njia kabla hata hawajazaliwa.

Kriketi iliingia Rwanda kwa mlango wa kurudi nyumbani. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, familia zilizokuwa ukimbizini Uganda, Kenya na Tanzania zilirudi, na vijana wao walirudi na mchezo waliouonea Kampala na Nairobi. Chama cha Kriketi cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1999, Charles Haba akiwa mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 2003 Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, likaipokea Rwanda. Mwaka huo huo Kenya ilikuwa inacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la wanaume, kwa hiyo mtoto wa Kigali aliyetaka mfano wa kufuata hakuhitaji kutazama mbali.

Uwanja ulikuwa mmoja tu, Kicukiro, kwenye eneo la iliyokuwa shule ya ufundi ya ETO. Mnyarwanda akitajiwa jina hilo hahitaji maelezo. Maelfu ya watu walikimbilia pale Aprili 1994 wakiamini askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji watawalinda. Tarehe 11 Aprili askari wakaondoka. Zaidi ya watu 2,000 wakaswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro na kuuawa. Kwenye ardhi hiyo ndiko vijana walikojifunza kushika gongo na kulinda vijiti vyao. Nimelifikiria sana jambo hili, na sioni kwamba mchezo uliivunjia heshima ardhi ile. Naona walioendelea kuishi walikataa kuiachia iwe ya kifo peke yake.

Uwanja wa pili ndio uliobadilisha hesabu. Ili kuchangisha fedha za kuujenga, Mei 2016 nahodha wa timu ya taifa ya wanaume, Eric Dusingizimana, alisimama na gongo mkononi kwa saa 51 akipiga mipira anayorushiwa, akavunja rekodi ya dunia. Oktoba 2017 Uwanja wa Kimataifa wa Kriketi wa Gahanga ukafunguliwa, nao uko wilaya hiyo hiyo ya Kicukiro. Jengo lake limebebwa na matao matatu makubwa, yanayopanda na kushuka kama njia ya mpira unaodunda, au kama vilima vya nchi yenyewe; kila mtu huona lake. Matao hayo yamejengwa kwa vigae vyembamba vya udongo wa Rwanda uliochanganywa na saruji kidogo, vikapangwa tabaka juu ya tabaka na mafundi wa Kinyarwanda.

Lakini majengo hayarushi mpira. Kilichowapa wasichana mechi za kweli ni mashindano ya Kwibuka, yaliyoanza mwaka 2014, ukiwa mwaka wa 20 tangu mauaji. Kwibuka kwa Kinyarwanda ni kukumbuka, na Mswahili anasikia mwenyewe undugu wa maneno hayo. Karibu kila mwaka, ndani ya siku mia za maombolezo, timu za wanawake kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine huja Kigali kucheza. Nchi ndogo ya kriketi inaweza kukaa mwaka mzima bila mechi ya kimataifa ya wanawake. Rwanda ilikuwa nayo nyumbani, na si moja. Binti wa miaka 12 aliyekaa pembeni kutazama Juni hii alijua kwamba Juni nyingine itakuja, na majirani watakuja tena.

Kwa hiyo ICC ilipotangaza Kombe la Dunia la kwanza la wasichana chini ya miaka 19, Rwanda haikuwa inaanza kutafuta watu. Nahodha Gisele Ishimwe na Henriette walikwisha kuichezea timu ya wakubwa. Kocha alikuwa Leonard Nhamburo, Mzimbabwe. Septemba 2022 walikwenda Gaborone, Botswana, kwenye mchujo wa Afrika, na katika fainali wakawashinda Watanzania, dada zao wa karibu. Tiketi ilikuwa moja. Sisi wa upande wa pili wa mto Kagera tuliumia, ila aliyeitazama timu ile hakuwa na la kulalamika.

Afrika Kusini walikusanyika mataifa 16, na Rwanda ikapangwa na Pakistan, Uingereza na Zimbabwe. Mechi ya kwanza Pakistan waliwashinda kwa wiketi nane, ingawa mikimbio 106 waliyofunga ilionyesha kwamba hawakuja kutalii. Ya pili ndiyo ile ya Zimbabwe. Na niseme ukweli kuhusu ova ile ya 19: ushindi ulikwisha kuonekana kabla yake. Wapigaji walikuwa wamefikisha 119, kisha warushaji na wadakaji wakawabana Zimbabwe hadi wakabaki na mlima wa mikimbio 40. Henriette alifunga mlango uliosukumwa na wenzake kumi. Uingereza wakawatandika kwa zaidi ya mikimbio 100, lakini nafasi ya hatua ya sita bora ilikuwa imepatikana.

Tarehe 22 Januari wakakutana na West Indies. Jina hilo lina uzito wake. Ni watu waliowahi kuitawala kriketi ya dunia. Wasichana wa Rwanda wakawatoa wote kwa 70. Kufukuza mikimbio 71 kunaonekana rahisi kwa aliye nje ya uwanja. Ndani, wiketi zikawa zinaanguka, moja, mbili, hadi sita, na upande mmoja Gisele amesimama haondoki. Hakuwa na haraka. Alichukua mkimbio mmoja mmoja, akaacha mpira usiostahili kuguswa upite, na mwisho alikuwa na mikimbio 31 bila kutolewa, Rwanda ikiwa imeshinda kwa wiketi nne. Kisha wakakimbilia katikati, wakaimba, wakacheza, na kulia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amezaliwa mwaka 1994.

Nusu fainali hawakufika, na kombe likachukuliwa na India. Tena njia haikulainika baada ya hapo: kwa mashindano yaliyofuata, ya Malaysia mwaka 2025, nafasi ya mchujo wa Afrika iliangukia Nigeria, nao wakaenda kuifunga New Zealand kwa mikimbio miwili. Bara hili sasa lina wasichana wengi wanaojua kuutumia mlango huo, na tiketi bado ni chache mno. ICC inalijua hilo, na ingefaa ilitazame upya.

Juni 2023, miezi mitano tu baada ya Potchefstroom, Kwibuka ilichezwa tena Kigali. Timu ya wakubwa ya Rwanda, ambamo baadhi ya wasichana wale walikuwamo, ikaingia fainali na Uganda na kushinda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mashindano yaanze mwaka 2014 kwa kombe la kukumbuka kubaki nyumbani.