Arkle na Mill House: Cheltenham katika Kumbukumbu ya Mashabiki

Kila mwezi wa Machi, nje kidogo ya mji wa Cheltenham, magharibi ya Uingereza, umati mkubwa wa watu hukusanyika chini ya kilima cha Cleeve kutazama farasi wakiruka viunzi. Msomaji aliyezoea mbio za Ngong, Nairobi, ambako farasi hushindana kwa kasi tupu juu ya majani, hana budi kufahamu kwamba mbio hizi ni za namna nyingine. Farasi humchukua mtu mgongoni na kuruka viunzi vya vijiti vilivyosongamana, vyenye kimo cha futi 4 na nusu, na katika shindano lililo kuu kuliko yote, ambalo ni la Kombe la Dhahabu, masafa yake huzidi maili 3. Tena baada ya kiunzi cha mwisho hapana raha: ardhi hupanda, na mwinuko ule umewavunja nguvu farasi wengi ambao mashabiki wao walikuwa wamekwisha kuanza kushangilia.

Asili ya mchezo wenyewe ni Ayalandi. Mwaka 1752 mabwana wawili wa jimbo la Cork, Cornelius O'Callaghan na Edmund Blake, waliwekeana dau kushindana kwa farasi kutoka kanisa la Buttevant mpaka kanisa la Doneraile, wakikata mashamba moja kwa moja na kuruka kuta na mitaro, huku mnara wa kanisa ukiwa ndio dira yao. Kwa sababu hiyo Waingereza huziita mbio hizi mpaka leo kwa jina la mnara. Huko Cheltenham mbio za farasi zilianza mwanzoni mwa karne ya 19, nazo hazikupokewa na wote kwa furaha. Mhubiri mmoja, Francis Close, alizilaani kwa ukali mimbarini, na mwaka 1830 jukwaa la watazamaji likateketezwa kwa moto. Mashindano makuu ya Machi yalipata makao ya kudumu uwanjani Prestbury Park mwaka 1911, na Kombe la Dhahabu la farasi wa kuruka likaanza kushindaniwa mwaka 1924. Farasi Golden Miller alilitwaa mara 5 mfululizo, toka 1932 mpaka 1936, na hajatokea wa kumfikia. Hata hivyo, mashabiki wazee wakikaa kuzungumza habari za Cheltenham, Golden Miller hutajwa kwa heshima kisha huachwa. Mazungumzo huenda mbio kuifuata siku moja tu, Jumamosi ya tarehe 7 Machi, 1964.

Siku ile haifahamiki pasipo kufahamu hali ya Ayalandi katika miaka iliyotangulia. Nchi hiyo ilikuwa maskini. Baina ya mwaka 1951 na 1961 idadi ya waliohama ilizidi ya waliorudi kwa watu 400,000 hivi, na wengi wao walikwenda Uingereza kujenga barabara, kuchimba misingi ya majumba, kuuguza wagonjwa na kutumika majumbani mwa watu. Mtu aliye katika hali hiyo hana mengi ya kujivunia mbele ya mwenyeji wake. Lakini katika farasi alikuwa nayo. Mfunzi wa farasi Vincent O'Brien alikuwa amekwisha kulipeleka Ayalandi lile Kombe la Dhahabu kwa farasi Cottage Rake miaka 3 mfululizo, 1948 mpaka 1950, na toka hapo kwenda Cheltenham kukawa kwa Waayalandi mithili ya hija. Waliokuwa Uingereza walifika kwa treni wakiwa na mshahara wa juma; waliotoka kwao walivuka bahari.

Mwaka 1963 Waingereza walimpata farasi waliyemwona hana kifani. Jina lake Mill House, aliyefunzwa na Fulke Walwyn katika kijiji cha Lambourn. Alikuwa na umbo kubwa hata watu wakamwita Farasi Mkubwa, na alilishinda Kombe la Dhahabu akiwa na umri wa miaka 6 tu, akimwacha wa pili urefu wa farasi 12. Huyo wa pili, Fortria, alikuwa wa Tom Dreaper, mfunzi mkulima wa Kilsallaghan karibu na Dublin, na aliyempanda alikuwa Pat Taaffe. Dreaper hakuwa mtu wa maneno mengi. Zizini mwake alikuwa na farasi mwingine, mwenye umri sawasawa na Mill House, aliyeitwa Arkle kwa jina la mlima wa Scotland.

Wawili hao walikutana mara ya kwanza Newbury, mwezi wa Novemba 1963. Arkle alibeba ratili 5 pungufu ya Mill House, naye akateleza alipotua baada ya kuruka kiunzi cha tatu kabla ya mwisho, akamaliza wa tatu. Mill House alishinda. Waingereza waliona kesi imekwisha katwa; Waayalandi walisema kuteleza si kushindwa. Kwa majira yote ya baridi hoja ikawa hiyo, na kila upande uliipigania kwa fedha yake.

Katika Kombe la Dhahabu la 1964 walishindana farasi 4 tu, maana wengine wote waliona hapana faida ya kuja. Wote walibeba uzito mmoja, ratili 168, kwa hiyo hapakuwa na udhuru wa mizani. Wapokeaji dau walimweka Mill House mbele. Willie Robinson, mpandaji wake, alimwacha aongoze toka mwanzo, akiruka kwa nguvu kama desturi yake. Taaffe alimzuia Arkle nyuma, naye Arkle akivuta kichwa kutaka kwenda. Walipoteremka kilima mara ya mwisho wale wengine wawili walikuwa wamekwisha kuachwa mbali. Kwenye kiunzi cha pili kabla ya mwisho wawili hawa walikuwa ubavu kwa ubavu. Kwenye cha mwisho Arkle alikuwa mbele. Na katika ule mwinuko akaenda zake, akashinda kwa urefu wa farasi 5. Robinson alimhimiza Mill House kwa kila njia aliyoijua, lakini farasi alikuwa ametoa yote aliyokuwa nayo.

Mashabiki wengi huisimulia siku hiyo kama vita vya mataifa mawili, na hapa ndipo mwanahistoria anapopaswa kusogea karibu zaidi. Mill House aliyeitwa wa Kiingereza alizaliwa Ayalandi, mwaka uleule wa 1957 aliozaliwa Arkle, na Taaffe mwenyewe alipata kumpanda alipokuwa bado mchanga, kabla hajauzwa ng'ambo. Mpandaji wake Robinson alikuwa Muayalandi. Kwa upande wa pili, Arkle aliyebeba matumaini ya vibarua wa Ayalandi alikuwa mali ya bibi mkubwa wa ukoo wa kitajiri wa Uingereza, Anne, mke wa marehemu mtawala wa Westminster, ingawa kwa kuzaliwa alikuwa mtu wa Cork. Ukifuata nasaba na hati za mauzo, ushindi huu haueleweki ulikuwa wa nani. Kibarua aliyesimama pale uwanjani hakufuata hati. Kwake Mill House alikuwa mhamaji kama yeye, aliyekwenda kuwatumikia wengine. Arkle alikuwa yule aliyebaki nyumbani, akafunzwa nyumbani, akaja kushinda kisha akarudi. Pengine maelezo hayo yana ukweli kuliko yale ya mataifa mawili, na yana uchungu zaidi.

Yaliyofuata yalimtukuza Arkle kupita kiasi cha farasi. Katika mbio kuu za Ayalandi za mwaka uleule alitwishwa ratili 30 au zaidi kuliko kila mshindani wake, naye akashinda. Wapangaji wa mizani walilazimika kutunga orodha mbili za uzito, moja ya kutumika ikiwa Arkle atashiriki, na ya pili ikiwa hatashiriki. Alilitwaa tena Kombe la Dhahabu mwaka 1965, akimwacha Mill House kwa urefu wa farasi 20, na tena mwaka 1966. Barua zilizoandikwa juu yake "Arkle, Ayalandi" zilimfikia. Mwezi wa Desemba 1966, huko Kempton, alivunjika mfupa wa ukwato katikati ya mbio, akamaliza wa pili kwa mguu uliovunjika, asishindane tena. Aliuawa kwa huruma mwaka 1970.

Katika sifa hizo zote aliyedhulumiwa ni Mill House. Mashabiki humtaja kama ngazi aliyoipanda mwingine, ilhali wapimaji wa farasi wa wakati ule walimweka miongoni mwa walio bora kabisa waliopata kuruka viunzi. Lau angezaliwa mwaka mmoja kabla, au Arkle mmoja baadaye, huenda jina lake lingeandikwa kando ya la Golden Miller. Mwaka 1967, baada ya maradhi na kushindwa kwingi, alishinda mbio kubwa za mwisho wa majira huko Sandown, na inasemwa na walioziona kwamba watazamaji walimpigia makofi kama watu walipao deni.

Siku hizi ushindi wa Ayalandi Cheltenham si ajabu tena. Mwaka 2021 farasi waliofunzwa huko walishinda mbio 23 kati ya 28, na Rachael Blackmore akawa mwanamke wa kwanza kuongoza wapandaji wote wa mashindano hayo. Lakini mwaka ule, kwa sababu ya maradhi ya korona, watazamaji hawakuruhusiwa. Ushindi mkubwa kuliko wote waliopata kuushinda Waayalandi pale ulipita mbele ya majukwaa matupu, na mashabiki waliutazama nyumbani. Ama Arkle mwenyewe, kaburi lake lilifukuliwa miaka michache baada ya kuzikwa, na mifupa yake ikaunganishwa na kusimamishwa katika jumba la makumbusho huko Kildare, ambako watoto waliozaliwa nusu karne baada ya siku ile hupelekwa kuitazama.