TV, king'amuzi na sabufa: waya gani uende wapi?

Swali hili hutufikia mara kwa mara, hasa baada ya mavuno watu wanapokuwa na fedha mkononi. TV mpya imenunuliwa, king'amuzi kipo, sabufa ipo. Picha inaonekana safi, lakini sauti inatoka kwenye TV peke yake na sabufa imekaa kimya kama kabati. Fundi ameitwa, na tayari anataka hela ya kuifungua.

Ndugu msikilizaji, sabufa isifunguliwe kabla hujatazama nyuma ya vifaa vyako. Mara nyingi hakuna kilichoungua. Kuna waya haupo, au umechomekwa kwenye tundu lisilo lake, au TV haijaelekezwa ipeleke sauti wapi. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa nusu saa bila bisibisi.

Kwanza chomoa plagi

Umewahi kushika waya wa dishi huku umegusa king'amuzi ukahisi kama unatekenywa? Huo ni umeme kidogo unaovuja. Vifaa vingi vya plagi ya pini mbili huwa nao kwenye chuma cha nje, na nyumba isiyo na waya wa ethi hauna pa kwenda. Ukichomeka waya wa HDMI wakati vifaa vyote viwili viko kwenye umeme, tofauti hiyo inaweza kupita kwenye pini zake ndogo na kuua tundu. Waya wa HDMI una pini 19, nyembamba sana, na tundu lililokufa hurudishwa kwa gharama ambayo wakati mwingine inakaribia bei ya king'amuzi kipya.

Kwa hiyo kuzima kwa rimoti hakutoshi. Chomoa plagi zote ukutani au kwenye inveta ya sola, fungua na waya wa dishi, halafu ndipo uunganishe. Waya wa dishi urudishe kabla ya kuwasha umeme.

Inatoka wapi, inaingia wapi

Kila tundu nyuma ya kifaa lina kazi moja kati ya mbili: kutoa au kupokea. Lililoandikwa OUT linatoa, lililoandikwa IN linapokea. Picha na sauti hutoka OUT ya kifaa kimoja na kuingia IN ya kingine, kama maji yanavyotoka bombani kuingia kwenye ndoo.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Mtu anachukua waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe, anachomeka upande mmoja kwenye TV na mwingine kwenye sabufa, rangi kwa rangi, na bado kimya. Akitazama vizuri atakuta matundu ya TV yameandikwa AV IN na ya sabufa yameandikwa AUX IN. Ni midomo miwili inayosubiri kulishwa, hakuna anayelisha. TV nyingi bapa za siku hizi hazina kabisa matundu mekundu na meupe ya kutoa sauti. Zile za chogo zilikuwa nayo mara nyingi, ndiyo maana mazoea ya zamani yanatuponza.

Nyaya zenyewe

HDMI ndiyo inayobeba picha na sauti kwa pamoja katika waya mmoja. Ilitangazwa mwaka 2002 na kundi la kampuni ambamo Sony, Panasonic, Philips na Toshiba zilikuwamo. Kabla yake, picha safi ya dijitali na sauti ya spika nyingi vilihitaji nyaya kadhaa. Kwa king'amuzi cha kawaida, chenye picha ya mistari 1080, waya wowote mzima wa HDMI wa mita moja na nusu au mbili unatosha.

Hilo tunalisema kwa msisitizo kwa sababu dukani utaambiwa waya wenye kichwa cha dhahabu hutoa rangi nzuri zaidi. Si kweli. Ndani ya waya wa dijitali zinapita tarakimu. Zikifika salama, picha ni ileile iwe waya ni wa bei rahisi au wa bei ya mbuzi. Zikishindwa kufika hutapata rangi iliyofifia kidogo, bali vinukta vinavyomweka, picha inayokatika au skrini nyeusi. Waya wa bei kubwa una maana pale penye urefu mkubwa, au TV ya 4K inapoonyesha kutoka kwenye kifaa cha 4K. Hapo tafuta maandishi Premium High Speed. Na ukihitaji mita 10 au zaidi, kwa mfano king'amuzi kiko chumba kingine, waya mwembamba wa bei ya chini huanza kushindwa.

Optiko ni waya wa namna nyingine kabisa. Haubebi umeme, unabeba mwanga, na unabeba sauti tu. Toshiba waliutoa mwaka 1983. Tundu lake ni la mraba lenye kifuniko kidogo, na kifaa kikiwashwa utaona mwanga mwekundu ndani yake au kwenye ncha ya waya. Waya mpya huja na vifuniko vya plastiki kwenye ncha zote mbili. Vitoe. Wapo wanaovilazimisha viingie hivyo hivyo na kuvunja tundu. Usiukunje kwa kona kali wala kuubana na mguu wa meza, kwa sababu ndani kuna uzi wa plastiki unaopitisha mwanga, na ukivunjika hauungwi kwa selotepu.

Faida yake kwa nyumba zetu ni kubwa kuliko wauzaji wanavyosema. Kwa kuwa haupitishi umeme, hauleti ule mlio wa "nnnn" unaosikika kwenye sabufa usiku ikiwa nyaya za kawaida zimeunganisha TV, dishi na inveta.

Kuna pia koaksia ya dijitali, tundu moja la duara, mara nyingi rangi ya chungwa. Hubeba sauti kama ya optiko, ila kwa umeme. Usiichanganye na tundu jekundu la AV hata kama kichwa kinaingia, maana hutasikia kitu.

Na AV ya zamani: njano ni picha, nyekundu ni sauti ya kulia, nyeupe ni sauti ya kushoto. Hii si dijitali, lakini bado ndiyo inayookoa wengi.

Kuifikisha sauti kwenye sabufa

Tazama sabufa yako ina matundu gani, kisha fuata njia inayokuhusu.

Ikiwa ni sabufa ya kawaida yenye nyekundu na nyeupe tu, pamoja na flashi na redio, njia rahisi kuliko zote ni kuiacha TV pembeni. Peleka HDMI kutoka king'amuzi hadi TV kwa ajili ya picha. Kisha chukua nyekundu na nyeupe za AV OUT ya king'amuzi hicho hicho uzipeleke moja kwa moja kwenye sabufa. Ving'amuzi vingi hutoa sauti pande zote mbili kwa wakati mmoja. Baadhi ya vipya havina matundu ya rangi bali tundu dogo la duara lililoandikwa AV, na waya wake huwa na jeki upande mmoja na vichwa vitatu upande wa pili. Ukishaunganisha, punguza sauti ya TV hadi sifuri. Kasoro ya njia hii ni kwamba utasikia king'amuzi tu. Ukiweka filamu ya flashi kwenye TV, sabufa itanyamaza.

Ukitaka kila kitu cha TV kipite kwenye sabufa, tafuta tundu la hedifoni kwenye TV. Waya wa jeki kwenda nyekundu na nyeupe ni wa bei ndogo na unapatikana karibu kila mnadani. TV yako haina tundu la hedifoni? Basi tafuta optiko au koaksia; ikiwa nayo, utahitaji kiboksi kidogo kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya kawaida. Kinatumia umeme wa USB, na unaweza kukichomeka kwenye USB ya TV yenyewe.

Lakini kiboksi hicho kina mtego. Sauti ya dijitali hutoka katika lugha mbili. Moja huitwa PCM, ambayo ni sauti iliyo wazi, ya spika mbili. Nyingine imefungashwa, kama Dolby Digital, na hubeba njia sita: spika tano na besi. Viboksi vya bei rahisi vinaelewa PCM peke yake. Vikipokea Dolby vinakaa kimya au vinatoa mchakato kama redio isiyoshika stesheni. Mtu hudhani ameuziwa kibovu. Ingia kwenye mpangilio wa sauti wa TV, tafuta Digital Audio Out au Audio Format, uchague PCM. Fanya hivyo hivyo kwenye king'amuzi. Ukisikia chaneli moja ina sauti na nyingine haina, sababu mara nyingi ni hii.

Wenye home theater ya spika tano hufanya kinyume: wachague Dolby, Bitstream au Auto. Wakiacha PCM kwenye optiko, spika za nyuma hazitapata sauti yake halisi, kwa kuwa optiko hubeba njia mbili tu za PCM.

ARC, tundu linalorudisha sauti

Home theater nyingi zina tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Hili lilikuja na toleo la HDMI 1.4 la mwaka 2009, na linavunja kanuni tuliyoieleza juu: tundu la TV linalopokea picha linarudisha sauti nje kwa waya uleule. King'amuzi kinaingia HDMI ya kawaida ya TV, na home theater inaingia kwenye HDMI ya TV iliyoandikwa ARC, si nyingine. Kwenye TV nyingi ni tundu moja tu lenye maandishi hayo.

Waya peke yake hautoshi. ARC kwa kawaida hudai pia mawasiliano ya rimoti yawashwe kwenye mpangilio wa TV, nayo kila kampuni imeyapa jina lake: Samsung huyaita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Yawashe, kisha nenda kwenye Sound Output ubadilishe kutoka TV Speaker kwenda HDMI ARC. Baada ya hapo rimoti ya TV itapandisha na kushusha sauti ya home theater, starehe ambayo ukiizoea hutaki kurudi nyuma.

Vitu vya kuangalia kabla ya kutoa hela

Wenye vibanda vya kuonyesha mpira huuliza namna ya kuwasha TV mbili kwa king'amuzi kimoja. Kifaa chake ni kigawanyio, HDMI moja kuingia na mbili kutoka. Kinafanana sana na swichi, ambayo huingiza mbili na kutoa moja. Soma IN na OUT kabla ya kulipa.

Wa TV ya chogo wasiuziwe kiboksi cha kugeuza HDMI kuwa AV ikiwa king'amuzi chao tayari kina AV. Kama hakina, kiboksi kiandikwe HDMI2AV. Kile cha AV2HDMI ni cha safari ya kinyume na hakirudi nyuma.

Kuhusu kuonyesha simu kwenye TV kwa waya wa USB-C kwenda HDMI, simu nyingi za bei ya kawaida hazitoi picha kwenye tundu hilo hata waya uwe mzuri vipi. Jaribu dukani, kwa simu yako mwenyewe.

Na namba kubwa zilizobandikwa kwenye boksi la sabufa, wati elfu kadhaa za PMPO, ni mapambo. Kwa mwenye sola, wati za kuzingatia ni zile zilizoandikwa karibu na waya wa umeme.

Sauti ikichelewa nyuma ya midomo, huenda umeunganisha kwa bluetooth. Hamia kwenye waya, au tafuta mpangilio uitwao AV Sync. Lakini jirani mwenye redio akishangilia goli kabla yako, hilo si kosa la waya. Picha ya king'amuzi hufungashwa, hupanda satelaiti na kufunguliwa tena, na yote hayo huchukua sekunde kadhaa.

Wakati wa radi

Nyaya za chuma zinapounganisha dishi, king'amuzi, TV na sabufa, zinakuwa njia moja. Radi ikipiga karibu, umeme unaoingia kupitia dishi unaweza kufika hadi sabufa. Wengi huchomoa plagi ukutani na kusahau waya wa dishi, kisha wanashangaa king'amuzi kuungua kikiwa kimezimwa. Wingu likijikusanya, chomoa plagi, kisha fungua na waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Radi ikishaanza kupiga karibu umechelewa, usiuguse.

Kabla ya kumwita fundi

Chukua simu yenye tundu la hedifoni, iunganishe na AUX ya sabufa kwa waya wa jeki na ucheze wimbo. Ukibonyeza Input kwenye sabufa hadi ikasoma AUX na wimbo ukasikika, sabufa ni nzima na tatizo liko upande wa TV au waya. Isiposikika, badilisha waya ujaribu tena. Ikikaa kimya kwa nyaya mbili tofauti, hapo mpelekee fundi, na umwambie ulichokwisha kujaribu.